Kiatu Kwanza, Kliti Baadaye

Haya ni maneno niliyowaambia waendesha baiskeli wenzangu kwenye mkutano wetu wa Moshi. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokuwa kazini, shambani au safarini. Picha za ukutani nimeziacha, maana bila mimi kuzielekeza kidole hazisemi kitu.

Shikamooni wazee. Habari zenu kaka zangu, dada zangu, na nyie vijana mliosimama kule mlangoni kama watu wanaotaka kutoroka. Sogeeni huku mbele. Viti vipo.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie magoti. Kwa nini magoti, wakati mimi ni fundi wa baiskeli? Kwa sababu kila Jumamosi tukimaliza mzunguko na kukaa kunywa chai, nasikia wimbo ule ule. "Fundi, goti la kushoto." "Fundi, vidole vimekufa ganzi." "Fundi, nikipanda Marangu kano ya kisigino inawaka moto." Na kila mtu ana tiba yake. Mmoja kabadilisha siti. Mwingine kanunua mafuta ya kuchua. Mwingine kaambiwa ni uzee. Ana miaka ishirini na sita!

Sitamtibu mtu goti hapa. Goti lililovimba, goti linaloumiza hata ukiwa umelala, hilo lipelekeni hospitali, msiniletee mimi. Ila nina swali. Mwili wako na baiskeli vimeshikana wapi? Mikononi, makalioni, miguuni. Mkono unauhamisha utakavyo kwenye usukani. Makalio unayainua yakichoka. Mguu je? Mguu uliofungwa kwenye pedeli ya kunasa hauhami. Pale ulipoifunga kliti ndipo mguu utakapokaa, tangu mnatoka Moshi mpaka mnarudi.

Kwa wageni wetu: kliti ni kile kipande cha plastiki au chuma kinachofungwa kwa bolti chini ya soli. Ndicho kinachonaswa na pedeli. Ukikanyaga, kinalia "ta!" Ukitaka kutoka, unapindua kisigino kwenda nje. Na ukisahau kupindua ukiwa umesimama mbele ya daladala, unaanguka ubavu mbele ya abiria wote. Mnacheka? Nani hapa hajaanguka? Naona hakuna mkono.

Sasa tufanye hesabu. Mwendeshaji wa kawaida anayezungusha vizuri hufika mizunguko 90 kwa dakika. Kwa saa moja ni 5,400. Kwa saa nne ni 21,600, kwa kila mguu. Mlioangalia mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, mlimwona Tadej Pogačar akishinda mbio za wanaume za kilomita 267.5. Alikaa juu ya baiskeli zaidi ya saa sita. Kwa mwendo huo huo wa 90 tunazungumzia mizunguko zaidi ya elfu thelathini. Goti lililopindishwa kidogo mara moja halina habari. Goti lililopindishwa kidogo mara elfu thelathini litakuwa na habari ndefu.

Nianze mbali kidogo. Zamani hapakuwa na kliti za kunasa. Mwendeshaji aliingiza mguu kwenye kikapu cha chuma kilichofungwa kwenye pedeli, akakaza mkanda kwa mkono. Wale wa mashindano walikuwa na viatu vya ngozi, na chini ya soli walipigilia kwa misumari kipande chenye mfereji, ule mfereji ukakaa juu ya ubao wa pedeli. Mkanda ukishakazwa hutoki mpaka uinamishe mkono ukaulegeze. Sasa sikilizeni walivyopapata mahali pa kupigilia. Walinunua viatu vipya, wakaendesha kwanza bila kile kipande. Siku zikapita. Pedeli ikaacha alama kwenye ngozi ya soli. Ndipo wakageuza kiatu, wakatazama ile alama, wakapigilia hapo hapo.

Mmeelewa walichofanya? Waliuacha mguu uchague kwanza. Mguu ulikaa pale ulipopenda kukaa, ukaacha alama, na fundi akaifuata. Leo tunafanya kinyume. Tunatoa kiatu kwenye boksi, tunafunga kliti katikati ya matundu kwa sababu katikati kunapendeza macho, kisha tunaulazimisha mguu ufuate. Ukilalamika tunasema utazoea.

Mwaka 1980 Bernard Hinault, Mfaransa, alikuwa anaongoza Tour de France. Ana jezi ya njano, ile ya anayeongoza, mgongoni. Mashindano yalikuwa yamepita kaskazini kwenye mvua na barabara za mawe, goti likaanza kumsumbua. Walipofika mji wa Pau, karibu na milima ya Pyrenees, akaondoka usiku, na jezi ya njano ikiwa yake. Joop Zoetemelk wa Uholanzi ndiye aliyeshinda mwaka ule. Hinault akapona, akashinda tena Tour, lakini mwaka 1983 goti likampeleka kwenye upasuaji na Tour ikaenda bila yeye. Simsingizii kliti wala mkanda wake, maana goti lina maadui wengi. Ninachowaambia ni hiki: mtu mwenye mapafu yale na moyo ule alisimamishwa na kiungo kimoja.

Na ni huyo huyo aliyekuja kuitangazia dunia pedeli tunazotumia leo. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilikuwa inatengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, vile vinavyouachia mguu mtu anapoanguka ili mfupa usivunjike. Katikati ya miaka ya 1980 wakauhamishia utaratibu huo kwenye baiskeli. Hinault akavaa, na mwaka 1985 akashinda Tour de France yake ya tano, pua ikiwa imevunjika kwa kuanguka Saint-Étienne. Baada ya hapo mikanda ikaanza kupotea kwenye mashindano. Mwaka 1990 Shimano wakaleta SPD, ile kliti ndogo ya chuma ya bolti mbili ambayo wengi wenu mnayo kwenye baiskeli za milimani.

Haya. Sasa tuje kwetu, na tuanze na kiatu chenyewe, maana watu wanakimbilia kliti kumbe ugonjwa uko kwenye kiatu.

Tuna mzee wetu mmoja, yuko humu ndani, kaniruhusu nisimulie mradi nisimtaje. Akifika Himo tu, vidole vinakufa ganzi. Akifika Marangu Mtoni anavua kiatu kando ya barabara anasugua mguu kama mtu aliyeumwa na nge. Akaja kwangu akaniambia, "Mwanangu, isogeze hii kliti." Nikamwambia, mzee, kabla ya kliti nitolee kwanza ule ubao laini wa ndani ya kiatu. Akautoa. Nikauweka sakafuni. Nikamwambia, vua soksi, simama juu yake kwa uzito wako wote. Akasimama. Mguu ukamwagika pembeni, upande wa kidole kidogo, karibu upana wa kidole changu cha mkono. Mnaona? Hapo hata ukiisogeza kliti mpaka kesho, vidole vile vinabanwa na ukuta wa kiatu.

Mzee yule alikuwa amenunua viatu vile asubuhi na mapema, mguu ukiwa umepumzika, namba ile ile ya viatu vyake vya kanisani. Mguu huvimba. Huvimba kwa joto, huvimba kwa kutembea, huvimba kwa saa nyingi za kukanyaga. Kwa hiyo jaribu viatu vya baiskeli mchana au jioni, ukiwa na soksi zile zile utakazoendeshea. Kisigino kikae bila kupanda na kushuka. Vidole viweze kucheza. Na usimame juu ya ule ubao wa ndani, popote unaponunua, hata kama muuzaji anakuangalia vibaya.

Na mkanda? Wengi wenu mnakaza mikanda ya mbele, ile iliyo juu ya vidole, mpaka mshipa unaonekana. Kwa nini? Hapo ndipo mishipa midogo ya fahamu inapopita kati ya mifupa ya vidole. Mkanda wa mbele uushike mguu tu, usiubane. Kazi ya kukaza iachieni mikanda ya juu, karibu na kifundo. Mwenye kiatu cha kuzungusha kitufe, vivyo hivyo: usizungushe tena na tena kila ukisimama. Yule mzee hatimaye alipata kiatu kipana zaidi. Kliti yake nilikuja kuigusa baadaye, tena kidogo sana.

Tuje sokoni. Nani hapa amenunua viatu vya baiskeli mtumba, soko la Memorial au kwingineko? Inueni mikono, msione haya. Naam. Iliyoinuliwa ni mingi kuliko iliyobaki chini, na wa kwangu umo. Mtumba unatuletea viatu ambavyo vipya vingetugharimu mshahara wa mwezi. Lakini kiatu cha mtumba kimekuja na magoti ya mtu mwingine.

Kijana mmoja wa chama alipata viatu vizuri mno, soli ya kaboni, kliti bado zimo chini. Akafurahi, akafunga safari siku ile ile. Baada ya wiki kadhaa akaja analalamika nyonga. Si goti, nyonga, tena upande mmoja. Tukaangalia siti, iko sawa. Tukaangalia fremu, iko sawa. Nikamwambia, lete viatu, vigeuze. Nikaviweka mezani pamoja, soli juu, nikatazama kutoka pembeni. Kliti ya kushoto imeinuka kuliko ya kulia! Nikafungua bolti. Chini ya kliti ya kushoto kulikuwa na bamba jembamba la plastiki. Na bolti za upande ule zilikuwa ndefu zaidi.

Mnajua lile bamba ni la nini? Mwenye viatu wa kwanza, huko vilikotoka, alikuwa na mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Fundi wake akamwekea bamba ili miguu ilingane. Kazi safi kabisa, kwa mtu yule. Kijana wetu mwenye miguu iliyolingana akawa anaendesha na ulemavu wa kuazima. Tukatoa bamba, tukarudisha bolti fupi. Zile ndefu zingeachwa bila bamba zingetoboa mpaka ndani ya kiatu.

Kwa hiyo ukinunua mtumba, fungua kliti zote mbili. Zote. Hata kama zimekaa vizuri. Hata kama ni mpya. Soli itakuwa na alama ya kliti ya zamani iliyozama, na ukifunga yako kliti itapenda kutelezea kwenye shimo lile lile. Sugua alama kwa msasa laini kama soli ni ya plastiki ngumu. Kama ni ya kaboni, isafishe tu, usiikwaruze. Angalia bolti kama vichwa vyake havijaliwa, maana bolti iliyoliwa kichwa utaijua siku unataka kuitoa. Hesabu matundu: mawili ni ya kliti ndogo za chuma, matatu ni ya kliti kubwa za plastiki za barabarani. Halafu kuna jambo linalowaponza wengi. Kliti ya Look Keo na ya Shimano SPD-SL zote ni za bolti tatu, zote za plastiki, ukiziona mbali utasema ndugu wa baba mmoja. Kliti ya mmoja haiingii kwenye pedeli ya mwingine. Usimwache muuzaji akuambie zinaingia.

Na kwa kuwa nimetaja aina, niseme langu. Kwa barabara zetu, kwa mtu anayeshuka baiskeli kununua ndizi, anayekokota kwenye tope la Kibosho wakati wa masika, kliti ya bolti mbili ndiyo inayofaa. Imezama ndani ya soli, unatembea kama mtu. Kliti kubwa za plastiki ukitembea nazo kwenye changarawe zinasagika, na iliyosagika inaachia mguu bila kuombwa. Najua vijana hamtakubali kwa sababu kliti za Pogačar ni kubwa. Sawa. Ila Pogačar hakokoti.

Sasa kliti yenyewe. Inasogea kwa njia tatu: mbele na nyuma, ndani na nje, na kugeuka. Nitakaa zaidi kwenye ya kwanza na ya tatu.

Mbele na nyuma. Shikeni miguu yenu sasa hivi, ndiyo, hapo mlipokaa. Nyuma ya kidole gumba, upande wa ndani, kuna nundu ya mfupa. Umeipata? Sasa nyuma ya kidole kidogo, upande wa nje, kuna nundu nyingine, iko nyuma zaidi kuliko ya kwanza. Kwa miaka mingi mafundi waliweka ekseli ya pedeli, ule mhimili pedeli inaouzungukia, chini ya nundu ya kidole gumba, na wengi bado wanafanya hivyo. Mimi huanzia kati ya hizo mbili. Vaa kiatu, kaza kama unavyokaza barabarani, papasa nundu kupitia ngozi ya kiatu, bandika kipande cha tepu ya karatasi, weka alama kwa kalamu. Ndani moja, nje moja. Kliti nyingi zina alama ndogo pembeni inayoonyesha ekseli itakapopita. Ile alama iangukie katikati ya alama zako mbili. Huo ni mwanzo, si mwisho.

Kuna dada yetu, mwalimu, mpandaji hodari, aliyekuwa akichomwa na kano ya kisigino kila akipanda kutoka Himo. Kliti zake zilikuwa mbele kabisa, mwisho wa matundu. Nani alimwambia? Mtandaoni, kwamba ukikanyaga kwa ncha ya mguu unapata nguvu. Fikirini: kliti ikiwa mbele, kifundo kinakuwa mbali na pedeli, na kila ukikanyaga kigimbi kinalazimika kukishikilia kifundo kisizame. Mlima mrefu, kigimbi kinachoka, mzigo unakwenda kwenye kano. Tulizirudisha kliti nyuma, milimita tano hivi. Siku zilizofuata akaniambia, "Fundi, naona kama siti imepanda." Ni kweli. Ukirudisha kliti nyuma, mguu unanyooka zaidi kuifikia pedeli, na siti inabidi ishuke kidogo, milimita mbili au tatu. Tukaishusha. Mwambieni yeye mwenyewe awasimulie Marangu ikoje sasa, ameketi pale.

Mwenye mchezo wa kufyatuka mita mia mbili za mwisho ataiona kliti ya nyuma inampunguzia mruko. Huyo aisogeze mbele kidogo kuliko wenzake. Anayetaka kufika Marangu na kurudi bila kuchechemea, nyuma kidogo ni rafiki yake.

Ndani na nje nitapita haraka. Kliti ukiisogeza upande wa ndani wa kiatu, mguu unakwenda nje, mbali na fremu. Ukiisogeza nje, mguu unakaribia fremu. Mwenye nyonga pana kwa kawaida anapenda miguu iwe mbali kidogo. Namna ya kujua ni rahisi: mwenzako akae mbele yako na simu, akurekodi ukizungusha kwenye kifaa cha mazoezi au akiwa kwenye pikipiki polepole mahali salama. Goti lipande na kushuka juu ya mguu. Likiwa linatanga ndani na nje kama mlevi, kuna neno.

Kugeuka ndiko kunakoumiza watu. Kila mmoja wetu anatembea kwa namna yake. Wako wanaotembea vidole vikitazama nje, wako ambao mguu mmoja unatazama mbele na mwingine unatazama kwa jirani. Kaa juu ya meza ndefu, miguu ining'inie bila kugusa chini, legea kabisa, kisha mtu akutazamie miguu yako inaelekea wapi. Huko inakoelekea ndiko kliti zitakakoiacha iende. Usimnyooshe mtu miguu eti ionekane sawa kwenye picha. Na msishangae kushoto na kulia kukitofautiana. Ukiona fundi amekufungia kliti mbili zilizolingana kabisa bila kukutazama miguu, amefanya kazi ya macho yake.

Halafu kuna uhuru wa kisigino, yaani kisigino kinaweza kucheza nyuzi ngapi kabla kliti haijaachia. Kijana mmoja, baiskeli nyekundu, kofia nyekundu, akaenda kununua kliti mpya za Shimano. Akachagua nyekundu. Kwa nini? Zinaendana! Alikuwa na za njano kabla ya hapo. Wiki haikuisha, goti upande wa nje. Sasa sikieni vizuri, hasa mnaopenda rangi. Kwa Shimano SPD-SL, njano inacheza nyuzi 6, bluu nyuzi 2, nyekundu haichezi hata kidogo. Kwa Look Keo mambo yamegeuka: nyeusi ndiyo haichezi, kijivu nyuzi 4.5, na nyekundu ndiyo yenye uhuru mkubwa, nyuzi 9. Nyekundu ya huku ni jela, nyekundu ya kule ni uwanja wa mpira. Kijana yule alikuwa amegeuza kliti kidogo vibaya siku zote, lakini njano ilimwachia nafasi, mguu ukajirekebisha wenyewe. Nyekundu ikamnyima. Tukamrudishia njano, na bado tukamgeuzia kliti, maana nafasi si ruhusa ya kufunga ovyo.

Ndiyo, mama, nakuona umeinua mkono. Anauliza, maumivu yakiwa upande wa ndani wa goti, kliti igeuzwe wapi? Mara nyingi, nasema mara nyingi, maumivu ya ndani huonekana kwa mtu aliyelazimishwa vidole vitazame nje kupita kiasi, na ya nje kwa aliyelazimishwa vitazame ndani. Maumivu ya mbele, juu ya pia ya goti, kabla ya kugusa kliti nitatazama kwanza siti kama iko chini mno. Lakini usichukue maneno haya ukaenda nayo nyumbani kama dawa ya duka. Lete mguu tuutazame.

Namalizia na subira, jambo ambalo vijana hawanalo. Mtu anaumwa goti. Jumamosi usiku anakaa chini: anasogeza kliti nyuma, anaigeuza, anashusha siti, anabadilisha ubao wa ndani, na anakaza pedeli ibane zaidi. Jumapili anaendesha. Goti limepona, lakini sasa mgongo unauma. Kipi kimeponya? Kipi kimeumiza? Hajui. Hatajua. Badilisha kitu kimoja. Milimita mbili, au nyuzi kidogo. Endesha safari kadhaa za kawaida, si mbio. Andika kwenye daftari au kwenye simu. Kisha kingine.

Kabla ya kufungua chochote, chora mpaka wa kliti kwenye soli kwa kalamu ya wino mzito, piga na picha. Siku kliti ikisagika ukibadilisha, mpya inakaa pale pale. Wengi wanaanza kuumwa siku waliyobadilisha kliti na wanadhani tatizo ni baiskeli. Paka bolti grisi kidogo, usizifunge kavu. Tumia alenki namba 4, ule ufunguo wa pembe sita, iingie mpaka ndani, na kaza kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale, si moja mpaka mwisho kisha nyingine. Shimano wanataka zikazwe kwa nyutoni mita 5 hadi 6. Spana ya kipimo iko kwenye sanduku la chama, iazimeni, muirudishe. Baada ya safari ya kwanza kazeni tena, maana kliti mpya hujikalia na bolti hulegea. Kliti ikilegea upande mmoja ukiwa barabarani, utapindua kisigino na mguu hautatoka, kiatu kitazunguka na kliti itabaki. Hapo ndipo utaanguka ukiwa umejitahidi kabisa kutoanguka.

Na kwa wanaoanza, pedeli nyingi zina skrubu ndogo ya kupunguza ubanaji. Ilegezeni mpaka mwisho wa kulegea. Zunguka uwanjani, toa mguu, rudisha, toa, rudisha, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Ukishaacha kufikiri, kaza kidogo.

Nimeongea vya kutosha, na chai inapoa. Meza mbili ziko pale chini ya mti: moja ya bolti tatu, moja ya bolti mbili. Tepu, kalamu na alenki zipo. Wenye viatu vya mtumba tangulieni, tutafungua zote, na atakayekuta bamba chini ya kliti yake aniite nije nione. Vijana wa mlangoni, nyie shikeni simu, mtakuwa mnawarekodi wazee magoti.